Kabla ya kulaumu simu, kagua ukurasa

Kijana anajaza fomu ya basari kwa simu. Anafika mwisho, anabonyeza kitufe cha kutuma, na hakuna kinachotokea. Ataambiwa mtandao uko chini, au simu yake ni kuukuu, kisha aende saiba alipe ili ajaze upya, na siku ya mwisho ndiyo hiyo. Mimi riziki yangu ni kuunda tovuti hapa Mombasa, na nasema bila kusita kwamba aghalabu kosa haliko kwa kijana wala kwa simu yake. Liko kwenye ukurasa. Zana za kuthibitisha hilo zimo tayari ndani ya kivinjari na hazilipiwi hata senti.

Kwenye kompyuta yenye Chrome, Edge au Firefox, bonyeza F12, au bofya kwa kitufe cha kulia cha kipanya uchague "Inspect". Usitishwe na msitu wa maandishi utakaofunguka. Watengenezaji wengi wa rika langu walizoea kazi hii kupitia Firebug, programu ya nyongeza ya Firefox iliyotolewa na Joe Hewitt mwaka 2006. Ilistaafishwa 2017, wakati Firefox ilikuwa na zana zake yenyewe.

Kichupo cha kwanza, "Elements" kwa Chrome au "Inspector" kwa Firefox, huonyesha ukurasa kama mti, kila tawi likiwa kipande kimoja cha ukurasa, kionekane kisionekane. Bofya alama ya mshale iliyo pembeni, kisha elekeza kwenye kitufe kinachosumbua. Hapa ndipo penye utamu. Niliwahi kuletewa fomu ya namna hii niikague, na kila nilipoelekeza kwenye kitufe, mti ulinionyesha sanduku tupu lililolala juu yake. Lilikuwa tangazo la kuomba ridhaa ya vidakuzi. Mtu akishalifunga, maandishi yalitoweka lakini sanduku likabaki palepale, halina rangi, likimeza kila mguso. Kwenye skrini pana ya kompyuta lilikaa kando, ndiyo maana walioiunda fomu hawakuliona. Kwenye upana wa pikseli 360, ambao ni wa simu nyingi za Android, lilifunika nusu ya chini ya ukurasa. Wala sikuhitaji simu kuliona: ukiwa ndani ya zana hizi, Ctrl+Shift+M huubana ukurasa hadi upana wa simu. Nikaliteua sanduku kwenye mti, nikabonyeza Delete, na kitufe kikaitika papo hapo.

Ufutaji huo hugusa nakala iliyo mbele yako tu. Ukipakia ukurasa upya, kila kitu hurudi. Kwa hivyo pia, ndugu msomaji, picha ya skrini si ushahidi wa chochote. Anayejua F12 hubadilisha salio la benki, matokeo ya mtihani au kichwa cha habari kwa nusu dakika, akapiga picha na kuisambaza kwenye WhatsApp.

Kichupo cha "Console" huandika makosa kwa rangi nyekundu, pamoja na jina la faili na nambari ya mstari. "Network" huorodhesha kila ombi ambalo ukurasa umetuma na jibu lililorudi. 200 ni salama, 404 ni kitu hakipatikani, 403 umekatazwa, 500 ni seva yenyewe imekwama. Ukiona 500, kununua bando jingine hakutasaidia. Onyo: usibandike kwenye "Console" msimbo uliotumiwa na mtu usiyemjua. Hutekelezwa kwa jina lako, kana kwamba wewe ndiwe uliyebofya, na hata Facebook huweka onyo la aina hiyo mahali hapo.

Hitilafu ikitokea kwenye simu pekee, iunganishe na kompyuta kwa waya. Kwenye Android, tafuta nambari ya toleo katika maelezo ya simu, iguse mara 7, washa utatuzi wa USB, kisha andika chrome://inspect kwenye Chrome ya kompyuta. Ukimaliza, zima. Wenye iPhone watahitaji Mac. Programu zisizo za tovuti nazo zina wakaguzi wao: Layout Inspector ndani ya Android Studio, Snoop kwa programu za WPF za Windows, na Ctrl+Shift+D kwa zile za GTK kwenye Linux.

Wanaosahaulika kabisa ni wasioona. Kitufe chenye picha tu, bila jina, husomwa na TalkBack kama "kitufe" basi, na mtu hajui kinatuma au kinafuta. Sehemu ya ufikivu katika zana hizi huonyesha jina hilo kama lipo. Kwa wenye macho dhaifu, kuna kipimo cha rangi: maandishi ya kawaida yanatakiwa kutofautiana na mandhari yake kwa angalau 4.5 kwa 1. Kijivu juu ya cheupe, mtindo unaopendwa sana siku hizi, mara nyingi hufeli.

Ukilalamika kwa ofisi husika, usiandike "haifanyi kazi". Taja anwani ya ukurasa, saa, aina ya simu na nambari ya jibu, na unakili ule mstari mwekundu kama ulivyo. Ukiambatisha picha, funika kwanza nambari ya kitambulisho.