Tarehe ya Shahada ya Uuguzi

Aandikaye tarehe ya uuguzi aghalabu huanzia London, mwaka 1860, Florence Nightingale alipofungua chuo cha wauguzi katika hospitali ya St Thomas' kwa mali iliyochangwa na umma wakati wa vita vya Krimea. Wala hakosei, ila kwa kuanzia hapo huenda akadhani kwamba yaliyofuata yalikuwa kupanda ngazi tu, cheti kikizaa stashahada na stashahada ikizaa shahada, ilhali kati ya wodi na chuo kikuu palikuwa na ugomvi wa muda mrefu, na shina la ugomvi huo lilikuwa kazi ya mikono ya wasichana, nani aitumie na kwa ujira gani.

Nightingale alikipa chuo chake mfuko mbali na mfuko wa hospitali, na katika jambo hilo aliona mbali. Vyuo vilivyoiga mfano wake huko Marekani, ambavyo vilianza kufunguliwa mwaka 1873 katika miji ya New York, New Haven na Boston, havikujaliwa kinga hiyo kwa muda mrefu. Wakuu wa hospitali walitambua upesi kwamba mwanafunzi aliyepewa chakula, malazi na posho kidogo aliweza kuogesha wagonjwa, kutandika vitanda, kufunga vidonda na kukesha zamu ya usiku, kisha akimaliza miaka yake huaga na kwenda kutafuta riziki ya kuuguza wenye mali majumbani mwao, na mahali pake pakashikwa na mwingine. Ndipo hospitali, kubwa kwa ndogo, zikakimbilia kufungua vyuo, hata vyuo 15 vya mwaka 1880 vikawa 432 ulipofika mwaka 1900. Masomo yalitolewa aghalabu jioni, baada ya kazi ya kutwa, kwa wasikilizaji waliokuwa wakisinzia. Mimi siwezi kuita hiyo elimu, ijapokuwa nakiri kwamba wengi waliotoka humo walikuwa hodari.

Aliyelivalia njuga jambo hili ni Adelaide Nutting, mzaliwa wa Kanada, msimamizi wa wauguzi wa hospitali ya Johns Hopkins mjini Baltimore, ambaye mnamo mwaka 1896 alirefusha mafunzo yakawa ya miaka 3, akapunguza kazi ya wanafunzi kuwa saa 8 kwa siku, na akaondoa posho, maana apokeaye ujira huhesabiwa mtumishi. Mwaka 1899 Teachers College, chuo cha waalimu kilichofungamana na Chuo Kikuu cha Columbia, New York, kilikubali kuwasomesha wauguzi waliokwisha kuhitimu ili wapatikane waalimu na matroni. Na mwaka 1907 Nutting akapewa uprofesa humo, heshima ambayo hakuna muuguzi aliyewahi kuipata kabla yake popote duniani. Chuo kikuu, basi, kilimpokea mwalimu kwanza. Mwanafunzi alibaki wodini.

Zamu ya mwanafunzi ilifika mwaka 1909 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, na mtetezi wake mkubwa alikuwa daktari, Richard Olding Beard, jambo la kukumbukwa na wale wadhanio kwamba matabibu wote walikuwa mahasimu wa wauguzi. Hata hivyo waliosoma hapo miaka 3 walitoka na stashahada, na ilikuwa mwaka 1919 ndipo ikawekwa njia ya miaka 5 iliyofikia shahada.

Mwaka 1923 ikatoka taarifa ambayo kwa maoni yangu ina uzito kuliko hotuba zote zilizotangulia, iliyoandikwa na Josephine Goldmark kwa kamati iliyogharimiwa na Rockefeller Foundation. Goldmark hakuwa muuguzi. Alikuwa mchunguzi wa hali za wafanyakazi, aliyekwisha kuandika kitabu juu ya uchovu wa watu wa viwandani, na kwa jicho hilo hilo aliitazama hospitali, akadhihirisha jinsi haja ya masomo ilivyotolewa kafara kila ilipogongana na haja ya wodi. Mwaka huo huo, kwa fedha za Rockefeller, Yale ikafungua chuo chake cha uuguzi chini ya Annie Goodrich, mwanamke wa kwanza kushika cheo cha mkuu wa kitivo hapo, nacho kilikuwa na bajeti yake na waalimu wake, na zamu za mwanafunzi zilipangwa kwa kufuata masomo yake. Tangu mwaka 1934 hakikupokea ila mwenye shahada tayari.

Waingereza, waliomzalia dunia Nightingale katika kazi hii, walichelewa mno: Edinburgh ilianzisha idara yake mwaka 1956 chini ya Elsie Stephenson, na masomo ya shahada yakafuata mwaka 1960.

Kwetu Afrika Mashariki, Nairobi ilianza mwaka 1968 kama Columbia ilivyoanza, kwa stashahada ya juu ya wauguzi wazoefu, na shahada ikaja mwaka 1992. Muhimbili, iliyokuwa wakati huo chini ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliitangulia kwa kuanzisha shahada mwaka 1988, na Makerere ikafuata mwaka 1993. Vyuo vimeongezeka tangu hapo, na kila kimoja kinajisifu kwa idadi ya wahitimu wake. Mzazi anayempeleka mwanawe kusomea uuguzi na asiridhike na sifa hizo. Aombe kuonyeshwa ratiba ya zamu za wanafunzi wodini, na aulize kama aliyeipanga ni mwalimu au ni hospitali.