Flaiwili Juu ya Pipa la Maji

Vijana wa siku hizi wakitaka pleti ya klachi huingia dukani, wakataja aina ya gari, wakalipa na kuondoka na risiti yao. Nikiwasimulia kwamba mwaka 1983 marehemu baba yangu alifunga klachi usiku, uani kwetu Morogoro, kwa taa ya chemli, kwa sababu aliogopa kukamatwa, hucheka wakidhani nawatania. Siwatanii. Nilikuwa na miaka kumi na minne na mimi ndiye niliyeshika taa.

Gari letu lilikuwa Volkswagen 1300, ile yenye mgongo wa kobe, ambayo baba, mwalimu wa sekondari, aliinunua kwa mkopo. Zilikuwa gari za kuaminika; Volkswagen ilishinda mashindano ya Safari ya Afrika Mashariki mwaka 1962, na baba alipenda kuwakumbusha wenye Peugeot jambo hilo. Lakini gari la kuaminika nalo hula vipuri. Zamani aliyekosa kipuri alimwagiza ndugu au dereva wa lori akilete kutoka Nairobi. Mwezi Februari 1977 mpaka wa Kenya na Tanzania ukafungwa, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika mwaka huo huo. Mwishoni mwa 1978 majeshi ya Idi Amin yakaingia Kagera, tukaingia vitani, na kabla hatujapumua bei ya mafuta ikapanda tena mwaka 1979. Fedha za kigeni zikawa za kutafuta kwa tochi. Sabuni, sukari, betri za redio, khanga, vyote vikawa bidhaa adimu. Vipuri vya gari la mwalimu, nani angevikumbuka?

Klachi yetu ilianza kuteleza mwaka 1982. Kwa asiyejua, klachi ni kishikio kati ya injini na giaboksi: pleti nyembamba ya mviringo, yenye bitana pande mbili, inayobanwa kwa springi kwenye flaiwili, lile gurudumu zito la chuma linalozunguka nyuma ya injini. Bitana ikiisha, pleti haishiki. Injini inanguruma, gari linajivuta kama mgonjwa, na harufu ya kuungua inajaa ndani. Bitana ikiisha kabisa, ribiti zake hugusa chuma cha flaiwili na kukichimba mifereji. Kwa ule mlio wa chuma kusaga chuma, baba alijua kwamba tumeshafika huko.

Alipata pleti na flaiwili kwa mlango wa nyuma, kwa mtu ambaye sikupata kulijua jina lake. Alitoa karibu mishahara yake miwili. Risiti haikuwepo, na hakuna mtu aliyeiulizia. Vitu vile vilikaa chini ya kitanda, vimefungwa kwenye gunia, vikingoja likizo ya shule.

Mwezi Machi 1983 ikatangazwa vita dhidi ya wahujumu uchumi, chini ya Waziri Mkuu Edward Sokoine. Sheria maalumu ikapitishwa na mahakama maalumu ikaundwa. Nyumba zilipekuliwa. Watu waliokuwa na bidhaa, wengine magunia kwa magunia na wengine katoni moja tu ya sabuni, walizitupa porini na mitoni usiku. Ni lazima niseme kweli: wengi walishangilia, na baba alikuwa mmoja wao. Walanguzi walikuwa wametunyonya. Kisha siku moja akainuka katikati ya taarifa ya habari, akaenda chumbani, akatazama chini ya kitanda.

Mama alitaka vitupwe chooni usiku ule ule. Baba alikataa. Hoja yake naikumbuka vizuri: kipuri kilicho chini ya kitanda ni mali iliyofichwa, kipuri kilicho ndani ya gari ni gari. Gereji hakuthubutu kwenda, maana fundi angeuliza kimetoka wapi. Basi tukakifunga wenyewe.

Volkswagen ile ina wema wake. Injini iko nyuma, na imeshikwa kwenye giaboksi kwa bolti nne tu. Tulifungua waya, mpira wa petroli na kebo ya mafuta, tukaweka tairi kuukuu chini, na baba na kaka yangu wakaivuta injini nyuma taratibu hadi ikaachana na shafti. Ina uzito wa karibu kilo 100, na jeki yetu ilikuwa moja. Flaiwili imeshikwa na nati moja kubwa ya katikati, iliyokazwa kwa nguvu za ajabu. Tulichomeka bomba la maji kwenye mpini wa spana, kaka akaruka juu yake mara tatu ndipo ikalia na kulegea. Lile vumbi jeusi la bitana tulilipuliza kwa midomo. Siku zile bitana zilitengenezwa kwa asbesto, na leo tunajua asbesto hufanya nini kwenye mapafu. Kati ya hatari zote za usiku ule, hiyo hatukuiogopa hata kidogo.

Flaiwili mpya ilipotolewa kwenye gunia baba alinyamaza. Ilikuwa ndogo. Akanipa chaki, nikahesabu meno: 109. Ya zamani ilikuwa na 130. Ile tuliyouziwa ilikuwa ya magari ya volti 6, letu lilikuwa la volti 12; starta isingeyafikia meno yake. Hapakuwa na wa kumlalamikia.

Tukasugua flaiwili ya zamani kwa msasa uliozungushiwa kibao, kwa zamu, mpaka jogoo la kwanza. Pleti mpya tuliiweka katikati kwa mpini wa mwiko wa mama uliochongwa ulingane na tundu. Kulipopambazuka gari lilitembea. Likiondoka lilitetemeka kidogo, na liliendelea kutetemeka hivyo hadi lilipouzwa.

Ikabaki flaiwili isiyo na gari. Mama ndiye aliyeiweka juu ya mfuniko wa pipa la maji, mbele ya macho ya watu. Saa moja asubuhi, hodi: balozi wa nyumba kumi.

“Mwalimu, usiku kucha mnagonga. Gari limekushinda?”

“Lilinishinda, mzee. Sasa limekubali.”

Balozi alinawa mikono kwenye pipa, akalitazama lile chuma.

“Mfuniko wako una meno,” akasema, kisha akaomba chai.

Mpaka ulifunguliwa Novemba 1983. Tarehe 12 Aprili 1984 Sokoine alifariki kwa ajali ya gari Dakawa, mkoani kwetu, akitoka Dodoma. Baba alilia kwa sauti, yeye aliyekuwa amemwogopa mwaka mzima, na sikumwona mnafiki. Miezi miwili baadaye bajeti iliruhusu wenye fedha zao za kigeni kuagiza bidhaa bila kuulizwa walizipataje. Pleti za klachi zikatundikwa tena madukani.

Baba alifariki mwaka 1996. Balozi, akiwa mzee sana, alikuja matangani, akakaa nami mkekani, akaniuliza kama lile pipa bado lipo. Nikamwambia pipa limeliwa na kutu. Flaiwili ipo; mama huzuilia mlango wa stoo usifungwe na upepo.