Njia ya Namugongo na Wapokeaji wa Wahiji

Kila mwaka, majuma machache kabla ya tarehe 3 Juni, Wakristu wengi wa Uganda, Kenya, Tanzania, Rwanda na Kongo wanaelekea Namugongo, karibu na Kampala, mahali ambapo Karoli Lwanga na wenzake walichomwa moto mwaka 1886. Wengine wanapanda basi. Wengine wanatembea kwa miguu siku nyingi, wakiimba na kusali rozari. Habari za wafiadini hao tunazifundisha katika katekismu, na katekista hodari anaweza kuzisimulia pasipo kitabu. Lakini habari za njia yenyewe hazijulikani sana. Basi katika makala haya tutatafuta jibu la swali moja: njia ya hija inaishi kwa nguvu gani, na inakufa kwa sababu gani?

Tuanze na neno. Kwa Kilatini mhiji anaitwa peregrinus. Zamani za Waroma neno hilo lilikuwa na maana ya mgeni tu, mtu asiye mwenyeji wa mji. Eklezia ililichukua na kumpa jina hilo yule anayeacha nyumba yake kwa ajili ya Mungu. Mhiji, basi, ni mtu aliyekubali kuwa mgeni: analala asipojulikana na kula chakula cha wengine. Lakini mgeni anahitaji mwenyeji. Ndiyo maana mtakatifu Benedikto, katika karne ya 6, aliwaagiza wamonaki wake wampokee kila mgeni kama Kristu mwenyewe, na wawatunze zaidi maskini na wahiji.

Tutazame kwanza Ulaya, kwani huko njia za namna hii ziliandikwa mapema. Mwaka 990 Sigeric, askofu mkuu wa Canterbury, alikwenda Roma kupokea palio. Aliporudi, mahali alipopumzika paliandikwa pamoja, karibu vituo 80. Hata leo watu wanaifuata njia hiyo. Katika karne ya 12 kiliandikwa kitabu cha kuwaongoza wahiji wa Santiago de Compostela, Hispania, penye kaburi la mtume Yakobo. Kinataja njia 4 za Ufaransa, zile za Tours, Vézelay, Le Puy na Arles, zinazokutana katika mji wa Puente la Reina. Kinasema pia maji ya mto gani ni mabaya, na kinawaonya wahiji juu ya wavushaji wa mitumbwi na watoza ushuru wanaowanyang'anya pesa. Wasomaji wetu waliokwisha kusafiri kwa barabara watamwelewa mwandishi huyo pasipo maelezo.

Nani alizijenga njia hizo? Miguu ya wahiji peke yake haikutosha. Huko Hispania alikuwapo Dominiko, aliyefariki mwaka 1109. Yeye alikata miti, akatengeneza barabara, akajenga daraja na nyumba ya kuwalaza wahiji. Mji uliokua mahali pale unaitwa mpaka leo Santo Domingo de la Calzada, maana yake Dominiko wa Barabara. Katika milima ya Alpes, katika karne ya 11, padri Bernardo wa Aosta alianzisha nyumba ya wageni juu kabisa, penye theluji, kwa sababu wasafiri walikuwa wakifa kwa baridi na kwa mikono ya wanyang'anyi. Hao wawili wanaheshimiwa kama watakatifu, na kazi yao kubwa ilikuwa kuwasaidia watu wapite salama.

Baadaye njia ya Santiago ilififia. Matengano ya karne ya 16 yalipunguza wahiji, vita vilifunga mipaka, na katika karne ya 19 serikali ya Hispania ilinyang'anya mali za monasteri nyingi. Nyumba za wageni zilifungwa. Kaburi la mtume lilikuwa palepale, na kanisa lake kubwa lilisimama. Lakini mhiji hakuwa tena na mahali pa kulala njiani. Hapo ndipo tunapoona kwamba njia inaweza kufa hata kama mahali patakatifu pangali pazima.

Ilifufuliwa na nani? Sehemu kubwa ya kazi hiyo ilifanywa na paroko wa mlimani, padri Elías Valiña wa O Cebreiro. Alijifunza historia ya njia, akawatafuta watu wa vijiji vya kandokando, na mwaka 1984 alichukua rangi ya manjano, akasafiri akichora mishale ya kuwaonyesha wahiji pa kupita. Alifariki mwaka 1989. Mwaka 1986 wahiji waliopokelewa Santiago na kuandikwa walikuwa karibu 2,500. Mwaka 2023 walipita 440,000.

Sasa turudi Afrika. Namugongo inazo njia zilizokanyagwa kwanza na wafiadini wenyewe. Mfalme Mwanga alipotoa hukumu huko Munyonyo, tarehe 26 Mei 1886, vijana wa barza lake walifungwa wakapelekwa Namugongo kwa miguu. Si wote waliofika. Ponsiano Ngondwe aliuawa njiani siku ileile. Kesho yake Atanasi Bazzekuketta na Gonzaga Gonza nao wakauawa njiani. Wengi wa waliobaki walichomwa tarehe 3 Juni, sikukuu ya Kupaa Bwana mwaka ule. Kwa hiyo njia yote ni mahali pa ushuhuda.

Sisi wa Butembo na Beni tunafika kwa upande wa magharibi. Kutoka Butembo mpaka Beni ni kilometa 54 hivi. Kutoka Beni tunavuka mto Semliki, tunafika Kasindi penye mpaka, kisha Mpondwe, Kasese, Fort Portal, Mubende na Mityana. Kutoka mpaka hadi Kampala ni zaidi ya kilometa 400. Tazameni jambo moja ambalo wengi wanalipita ndani ya basi pasipo kujua: Mityana ni mji wa wafiadini. Huko Noe Mawaggali, mfinyanzi wa vyungu, aliuawa tarehe 31 Mei 1886. Huko pia walikamatwa Matia Kalemba Mulumba na Luka Banabakintu, wakapelekwa mji mkuu. Matia aliachwa afe polepole juu ya kilima cha Kampala, na Luka alichomwa Namugongo. Mhiji atokaye kwetu, akifika Mityana, anaanza kufuata njia ya watu hao.

Papa Benedikto wa 15 aliwatangaza wafiadini 22 Wakatoliki kuwa wenye heri mwaka 1920, na Papa Paulo wa 6 akawatangaza watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Yeye mwenyewe alifika Uganda mwaka 1969, akiwa Papa wa kwanza kukanyaga Afrika katika nyakati zetu. Kanisa kubwa la Namugongo lilifunguliwa mwaka 1975. Majimbo ya Uganda yanapokezana kazi ya kutayarisha sikukuu. Wahiji wa miguu wanalala katika makanisa na mashule ya paroki zilizo njiani, na watu wa vijiji wanawaletea maji. Kwa upande wetu kuna neema nyingine: ng'ambo ya mpaka wanaishi Wakonzo, ndugu za Wanande, wenye lugha karibu moja na yetu. Mkristu wa Beni akiomba maji huko Kasese kwa lugha ya mama yake, anaeleweka.

Lakini njia yetu imejeruhiwa. Tangu Oktoba 2014 mauaji ya raia katika eneo la Beni hayajasahaulika hata mwaka mmoja. Kuanzia Agosti 2018 mpaka Juni 2020 ugonjwa wa Ebola uliua watu zaidi ya 2,200, wengi wao wa Beni, Butembo na Katwa, na mwaka 2019 ulivuka mpaka hadi Kasese. Mwaka 2020 na 2021 makundi makubwa hayakuweza kukusanyika Namugongo kwa sababu ya Korona. Tarehe 16 Juni 2023, siku chache tu baada ya sikukuu, wauaji walivamia shule ya sekondari huko Mpondwe, wakaua watu zaidi ya 40, wengi wao wanafunzi. Paroko anayewazuia vijana wake wasitembee kwa miguu kati ya Beni na Kasindi hakosi imani. Anachunga roho na miili aliyokabidhiwa.

Je, basi hija yetu imekufa? Hapa historia inatusaidia. Barabara ambazo mhiji anaogopa kuzipita zinapitwa kila siku na watu wengine: mama mwenye godoro kichwani, wazee, watoto waliokimbia kijiji usiku. Hawakuchagua safari hiyo. Lakini kwa maana ya kwanza ya neno la Kilatini, hao ni peregrini kabisa. Wanalala katika mashule yetu na katika nyumba za Wakristu wetu, ambao wengi wao ni maskini.

Labda mtu atasema: kumpokea mtu usiyemjua ni hatari, kwani muuaji naye anaweza kugonga mlango. Ni kweli, wala si neno la kuchekwa. Zamani za Ulaya wanyang'anyi walivaa nguo za wahiji. Eklezia haikufunga milango, iliweka utaratibu. Mhiji alibeba barua ya paroko wake, naye alipokelewa katika nyumba ya wote, pasipo kufichwa katika nyumba ya mtu mmoja. Nasi tunaweza kufanya vivyo hivyo. Mgeni apelekwe kwa katekista na kwa wakubwa wa shirika; jina lake na kijiji chake viandikwe katika daftari; alale mahali panapojulikana na wengi; asiulizwe kabila kabla ya kupewa maji. Na Mkristu anayehama apewe barua ya paroki yake, ikiwa bado kuna mtu wa kuiandika.

Ninyi waseminari, mtakapotumwa katika paroki iliyo kando ya barabara, ulizeni kwanza: wageni wanalala wapi hapa, na nani anawachotea maji? Paroki isiyo na jibu ianze na chumba kimoja na pipa moja la maji. Wale wasioweza kwenda Namugongo mwaka huu waikumbuke tarehe 3 Juni kwa kukisafisha chumba hicho na kutandika mikeka.