Mizinga ya Rufiji na Kosa la Kukosa Zamu

Waingereza waliichukua Mafia kutoka kwa Wajerumani Januari 1915, kisha wakatengeneza kiwanja cha ndege kisiwani humo. Ndege zao ziliruka juu ya delta ya Rufiji, ambako manowari ya Kijerumani Königsberg ilijificha nyuma ya mikoko, ili kuwaarifu wapiga mizinga kwa simu ya upepo kila kombora limeangukia wapi. Tarehe 6 Julai, manowari mbili za Kiingereza za maji machache, Severn na Mersey, zilipiga pamoja. Kila moja ilitimiza wajibu wake, lakini mwangalizi angani alishindwa kujua kombora lipi ni la nani, na marekebisho yakavurugika. Königsberg ikanusurika. Tarehe 11 Julai zikapewa zamu: Severn ikipiga, Mersey imenyamaza. Hata ndege ilipotunguliwa, mwangalizi aliendelea kutuma marekebisho huku inashuka. Siku hiyohiyo Kapteni Looff wa Königsberg akaamuru meli yake izamishwe.

Mizinga ilikuwa ileile; kilichobadilika zaidi, kwa maoni yangu, ni kanuni. Mwaka 1965 Mholanzi Edsger Dijkstra alichapisha makala fupi juu ya tatizo la namna hiyohiyo ndani ya kompyuta: programu kadhaa zinagombea kitu kimoja, kila moja ni sahihi ikiwa peke yake, lakini zikikutana zinaharibu kazi. Hakuridhika na kujaribu. Alithibitisha kwa hoja za hisabati kwamba mbili haziwezi kamwe kukitumia kitu hicho kwa wakati mmoja, wala zote kukwama zikisubiri zamu. Mwaka 1981 Clarke na Emerson huko Marekani, na baada yao kidogo Queille na Sifakis huko Ufaransa, wakaonyesha namna kompyuta yenyewe inavyoweza kupitia kila hali ya mfumo na kuilinganisha na masharti yaliyoandikwa.

Atasema mtu: Rufiji hakukuwa na hisabati, walishindwa wakajifunza, basi majaribio yanatosha. Yanatosha pale kosa linapoonekana mchana kweupe. Therac-25, mashine ya kutibu saratani, iliwaunguza wagonjwa sita kati ya 1985 na 1987, na baadhi yao wakafa. Moja ya kasoro zake ilijitokeza tu mwendeshaji aliporekebisha maandishi kwa haraka mno. Majaribio yasingeikuta kirahisi. Hoja ya gharama ina uzito zaidi: seL4, kiini cha mfumo endeshi kilichothibitishwa Australia mwaka 2009, kilikuwa na mistari 8,700 hivi tu, na kazi yake ilikula miaka mingi ya wataalamu. Tena uthibitisho hauponyi masharti yaliyoandikwa vibaya. Kwa hiyo sidai kila programu ithibitishwe. Lakini pale watu wawili wanapoweza kutoa pesa kwenye akaunti moja kwa sekunde ileile, wanaonunua mfumo wa malipo wadai uthibitisho wa sehemu hiyo kabla ya kutia saini.