Kutoka Léopoldville 1959 mpaka Goma 2023: nani anahatarisha raia siku ya mkutano?

Kila mara kunapoitishwa mkutano au maandamano, maneno yanakuwa mengi. Wengine wanasema watu wajifungie nyumbani, kwa sababu kukusanyika kunaleta vifo. Wengine wanasema asiyetoka ni msaliti. Historia ya nchi yetu inajibu wote wawili, na inafaa tuisikilize bila haraka.

Tuanzie Léopoldville, mji ambao leo unaitwa Kinshasa. Tarehe 28 mwezi wa kumi na mbili 1958, Patrice Lumumba aliita watu awaeleze mambo aliyoyaona Accra, nchini Ghana, kwenye mkutano wa Waafrika waliokuwa wanadai uhuru. Walikuja kwa maelfu. Alisema wazi kwamba Kongo inataka uhuru. Mkutano ulikuwa umeruhusiwa. Watu walisikiliza, wakashangilia, wakarudi makwao.

Wiki moja baadaye, siku ya Mungu tarehe 4 mwezi wa kwanza 1959, ilikuwa zamu ya ABAKO, chama cha Joseph Kasa-Vubu. Mkutano ulipangwa kufanyika kwenye nyumba ya YMCA, katika komini ya Kalamu. Meya Mbelgiji alijibu kwa maneno ya pande mbili. Hakukataza wazi, hakuruhusu wazi. Alionya tu kwamba mkutano ukigeuka wa siasa, walioupanga watabeba mzigo. Viongozi wa ABAKO wakaona ni heri kuahirisha. Lakini habari ya kuahirisha haikuwafikia watu. Siku ilipofika, maelfu walikuwa tayari wamejaa pale. Kasa-Vubu alijaribu kuwatuliza, ikashindikana. Polisi wakagombana na watu, risasi zikalia. Karibu na hapo mpira ulikuwa umekwisha, na washabiki waliotoka uwanjani wakaingia ndani ya fujo bila kujua ilianzaje. Maduka ya wazungu yakaporwa, na jeshi la Force Publique likaletwa mjini.

Hesabu ya serikali ya kikoloni haikufika wafu 50. Wakongomani wengi wanasema mpaka leo kwamba waliokufa ni mamia. Kasa-Vubu alikamatwa, na ABAKO ikapigwa marufuku. Lakini tarehe 13 ya mwezi uleule, mfalme Baudouin alitangaza kwamba Ubelgiji utaipeleka Kongo kwenye uhuru. Ndiyo sababu kila tarehe 4 mwezi wa kwanza tunapumzika kazi na kukumbuka mashujaa.

Tulinganishe siku hizo mbili. Mji ni uleule, hasira ni ileile, na dai la uhuru ni lilelile. Tofauti ni kwamba mkutano wa kwanza ulipata jibu linaloeleweka, na wa pili ulipata jibu la kigugumizi. Katikati ya kigugumizi hicho ndipo watu walikufa.

Baada ya uhuru, wakubwa walibadilika lakini tabia ilibaki. Tarehe 16 mwezi wa pili 1992, Wakristo wa Kinshasa walitoka kanisani na kutembea barabarani wakidai Konferansi ya Kitaifa ifunguliwe tena. Askari waliwapiga risasi. Mwezi wa nne mwaka huohuo, Konferansi ikafunguliwa. Mwezi wa kwanza 2015, raia walipinga sheria ya uchaguzi ambayo ingechelewesha kura. Kulikuwa vifo Kinshasa na hapa Goma, na serikali ikakata intaneti. Jamaa wakashindwa kutafutana, na uvumi ukachukua nafasi ya habari. Mwishowe baraza la seneti likageuza sheria ile. Mara hizo zote mbili, raia walipewa kile walichokuwa wanadai baada ya kuzika watu wao.

Sasa tufike Goma. Tangu mwezi wa tano 2021, Kivu ya Kaskazini na Ituri ziliwekwa chini ya hali ya dharura. Magavana wakawa wanajeshi, na walipewa nguvu ya kukataza mikutano. Mwezi wa saba 2022, maandamano ya kupinga MONUSCO yalianza Goma, yakaenea Butembo na Uvira. Walikufa zaidi ya watu 30, raia pamoja na walinda amani, na mali ikaporwa. Tuseme ukweli: siku zile waandamanaji pia walikuwa na makosa yao.

Mwaka uliofuata, kundi moja la dini lililojiita Wazalendo liliitisha maandamano dhidi ya MONUSCO na jeshi la Afrika Mashariki kwa tarehe 30 mwezi wa nane. Viongozi walikataza. Jina lao lilichanganya watu wengi, kwa sababu makundi yenye silaha nayo yalianza kuitwa Wazalendo. Alfajiri ya siku hiyo, kabla maandamano hayajaanza, askari wa Garde Républicaine walifika kwenye redio na kwenye hekalu la kundi hilo. Polisi mmoja aliuawa kwa mawe. Raia wengi sana waliuawa kwa risasi. Serikali ilikubali kwanza wafu 43, na baadaye hesabu ikapita 50.

Simu zilisambaza picha za watu wenye sare wakiburuta maiti na kuzitupa ndani ya lori. Picha hizo zilizunguka dunia nzima, na haikuwezekana tena kunyamaza. Mahakama ya kijeshi ilikaa, na mwezi wa kumi ikamhukumu kifo kanali mmoja. Kwa hiyo simu inayobeba uvumi ndiyo simu iliyobeba ushahidi. Inategemea sisi tunaishikaje.

Sheria inasema nini? Katiba ya 2006, kifungu cha 25, inalinda mikutano ya amani isiyo na silaha. Kifungu cha 26 kinataka wanaoandaa maandamano wamjulishe mkubwa wa serikali kwa maandishi. Kujulisha ni tofauti na kuomba ruhusa. Na kifungu hichohicho kinaongeza kwamba hakuna mtu anayeweza kulazimishwa kuandamana. Anayekwenda ana haki, na anayebaki nyumbani naye ana haki. Kumtukana mmoja wao kwenye WhatsApp, au kutangaza jina lake ili watu wamfuate, ni kumweka mwenzako kwenye hatari.

Najua kwa wengi wetu leo katiba inaonekana iko mbali sana. Bukavu, tarehe 27 mwezi wa pili 2025, milipuko iliua watu zaidi ya 10 kwenye mkutano wa M23, na kila upande ukashitaki mwengine. Kwa hiyo ujumbe wa kuita watu ukifika kwenye simu yako, iwe uko kambini au kwa jamaa aliyekupokea, uliza kwanza: Nani anaita, na anajulikana wapi? Barua ilipelekwa? Jibu lilikuwa nini, na nani aliliona? Likiahirishwa, tutajulishwa kwa njia gani? Watoto watabaki na nani, na njia ya kurudi ni ipi?

Na viongozi nao, wa upande wowote, wana deni kwetu: jibu wazi, mapema, kwa lugha ambayo mama wa sokoni anaelewa. Wale waliosimama mbele ya YMCA mwaka 1959 hawakupewa jibu la namna hiyo. Watoto wetu wasije wakalikosa nao.