Mashine Inayopoteza Mahali Pake

Fundi wa kale aliongoza patasi kwa jicho na mkono wake. Alipokosea, jicho lilimwonya, na mkono ukarudi. Mashine iongozwayo kwa tarakimu haina jicho. Ina hesabu tu. Basi na tutazame hesabu hiyo ilikotoka, jinsi ilivyofika Nairobi, na sababu za kupotea kwake.

Asili yake ni Marekani. John T. Parsons, mtengenezaji wa mapanga ya helikopta, alitambua kuwa umbo lililopindika laweza kuandikwa kwa namba nyingi, na mashine ikazifuata moja baada ya moja. Wataalamu wa chuo cha MIT waliiendeleza fikira hiyo, na mwaka 1952 wakaonyesha mashine ya kukata chuma iliyoongozwa kwa ukanda wa karatasi uliotobolewa matundu.

Nchini Kenya habari hii imeungana na habari ya motokaa. Mwaka 1986 Rais Daniel arap Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kiunde gari la Kenya. Magari ya mfano, yaliyoitwa Nyayo Pioneer, yalionyeshwa mwaka 1990. Fedha za kuyaunda kwa wingi hazikupatikana, lakini juhudi ile haikufa yote. Mwaka 1994 likaanzishwa shirika la Numerical Machining Complex, lenye mashine za namna hii za kuchongea vipuri. Baadaye zikaja mashine ndogo za bei nafuu. Na katika Barabara ya Ngong, upande wa magharibi wa mji, karakana ya Gearbox ikawafungulia mlango wavumbuzi wasio na vyombo vyao wenyewe.

Nyingi za mashine hizo ndogo huendeshwa na mota ya hatua. Kila mpigo wa umeme huisogeza kiasi kilekile, na kwa kawaida hatua 200 hutimiza mzunguko mmoja. Kiongozi cha mashine huhesabu mipigo kiliyoituma, wala hakioni kama mota imetii. Kisu kikizama mno katika ubao, mota hushindwa hatua kadhaa, na tangu hapo kila mstari huchongwa pasipo mahali pake.

Dawa yake ni kuchunguza kwa utaratibu. Tia alama ya kalamu mahali pa kuanzia, kisha endesha kazi ileile huku kisu kikiwa juu, hakigusi kitu. Mashine ikirudi barabara penye alama, yaelekea kosa ni uzito wa kazi: punguza kina na mwendo. Isiporudi, kagua mikanda na skrubu zilizolegea, vumbi katika reli, nyaya zisizoshika, na mwendo uliopita kiasi. Umeme ukikatika, irudishe kwanza penye swichi ya chanzo, ndipo ianze kuhesabu upya.

Kumbe kuhesabu hatua si sawa na kufika. Mashine, na hata taifa liundalo vyombo vyake, hapana budi virudi mara kwa mara penye alama ya mwanzo, vijipime, kisha viendelee mbele.