Maji ya Kunywa Kazini: Habari za Langas

Eldoret, mji wa Kenya ambao zamani uliitwa Sitini na Nne kwa kuwa posta yake ilifunguliwa mwaka 1910 katika shamba lenye namba hiyo, ina kitongoji upande wa kusini, Langas, kilichokua kwa visima vya kuchimba: viwanja vingi vina kisima kifupi, na hatua chache kando yake choo cha shimo. Uchunguzi wa kitaalamu uliochapishwa mwaka 2007 ulithibitisha kwamba maji ya visima hivyo yalichanganyika na vijidudu vya kinyesi. Wala si ajabu.

Basi seremala aliyepeleka chupa ya maji ya dukani karakanani kwake simlaumu, maana hofu yake ilikuwa na hoja. Wala sheria haikumkataza chupa hiyo: amri ya Juni 2020, iliyoharamisha plastiki za kutumiwa mara moja katika hifadhi za taifa, haikuwahusu maseremala wa Langas. Lakini asiyengoja sheria huyachemsha maji alfajiri, au huyatia klorini na kusubiri nusu saa, kisha huyahifadhi katika dumu lenye bomba, lililofunikwa barabara, ili pasiwe na mwanagenzi wa kuchovya kikombe wala kidole. Na dumu hilo hujazwa tena kila siku kwa gharama ndogo mno.